Sufuria Zilizomngoja Mgeni wa Heshima

Klabu ya huduma ilipoanzishwa katika senta yetu, kitu cha kwanza ilichonunua ni kengele. Kengele ndogo ya shaba, ya kukaa mezani. Kila Alhamisi jioni wenyewe walikutana katika hoteli iliyo nyuma ya bucha, mwenyekiti akagonga kengele, wakaanza kuihudumia jamii kwa kula nyama choma. Aliyechelewa alitozwa faini, wakacheka. Aliyesahau kuvaa kizibao cha manjano alitozwa faini, wakacheka tena. Mimi niliwasikia kwa sababu nilikuwa nauza ndizi kando ya hoteli hiyo. Watu wazima kucheka namna ile bila kuonja pombe, hilo sikuwa nimeliona.

Ilikuwa miaka ya tisini, na senta yetu, upande huu wa Muthara, ilikuwa barabara moja ya vumbi na maduka pande mbili. Mwenyekiti alikuwa mwenye duka la mabati na misumari. Pamoja naye walikuwa mwalimu mkuu, mwenye duka la dawa, karani mmoja, na wengine wa kujaza viti. Hawakuwa watu wabaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu wajukuu wangu husema ulimi wangu hauna breki. Hawakuwa wezi pia. Walipenda tu kuonekana wakifanya kazi kuliko walivyoipenda kazi.

Walipoamua kusafisha soko, walichagua siku ya soko yenyewe, ili wawe na watu wa kuwatazama. Tukaambiwa tuondoe vitu vyetu chini. Tukasimama kando, mboga zikinyauka juani, tukimwangalia mwalimu mkuu akifagia na glavu mahali ambapo sisi wanawake tulikuwa tunafagia kila jioni bila glavu. Alifagia akielekea kule upepo unakotoka. Vumbi lote likamrudia usoni. Mpiga picha wao akamwambia arudie, na kweli akarudia.

Hayo yote ningewasamehe. Ya sufuria ndiyo yaliyonikaa.

Kwetu mtu akifa, hakuna nyumba yenye vyombo vya kupikia umati. Kila mwanamke alileta sufuria yake, na kila sufuria ilikuwa na alama: hii ina mstari wa rangi nyekundu chini, ile imetobolewa sikio kwa msumari, yangu ilifungwa waya mkononi. Watu wakishakula tulizipindua zote kwenye nyasi, kila mtu akatafuta yake, na hapo ndipo maneno yalipotoka.

“Hiyo si yako. Yako ina tumbo kama la bwana yako.”

“Heri tumbo. Sufuria yako na bwana yako, vyote havina kifuniko.”

Tulicheka, tukabeba, tukaenda nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa klabu yetu, na haikuwahi kuhitaji kengele.

Jioni moja mwenyekiti alipita akatukuta tukizipindua. Akasimama mikono nyuma kama mkaguzi.

“Kina mama, hii ni aibu,” akasema. “Karne inaisha na bado mnainama kwenye nyasi kama watu wanaotafuta uyoga. Klabu itawanunulia sufuria za kisasa.”

Tulifurahi, sitadanganya. Na zilinunuliwa kweli. Zilikuja sita, kubwa, mtoto angeoga ndani. Zikaingizwa katika stoo ya duka lake, akapiga kufuli. Tukaambiwa tungoje kidogo, zitakabidhiwa na mgeni wa heshima, mkubwa wa klabu kutoka Nairobi. Tukafundishwa wimbo wa kumpokea. Mgeni akaahirisha. Mvua ikaharibu barabara, akaahirisha tena. Sisi tukaendelea kuimba ule wimbo kila Jumapili baada ya kanisa, ili tusiusahau.

Lakini mtu akiahidiwa ng'ombe huanza kumdharau mbuzi wake. Yule mwenye sufuria kubwa kuliko zote pale kijijini alimpelekea binti yake aliyeolewa Kangeta. Mwingine alifanya yake ya kunyweshea ndama. Yangu ilitoboka, na sikuipeleka kuzibwa. Ya nini, na mpya ziko njiani?

Hapo ndipo mume wa jirani yangu alipokufa.

Jirani huyu alikuwa Mmbeere, kutoka kule chini Kiambere kwenye jua. Aliolewa huku kwetu bila ndugu zake kupenda. Walisema anakwenda kuolewa na njaa iliyovaa koti, kwa sababu mume wake alikuwa na koti zuri na kipande cha shamba ambacho kuku angekivuka kwa kuruka. Tangu siku hiyo hakuna hata ndugu mmoja aliyekanyaga nyumba yake. Alizaa, akalea, akazeeka, hawakuja. Sasa walikuwa wamesikia msiba na kutuma neno kwamba wanakuja, lori zima.

Nilimkuta jikoni kwake akichagua maharagwe, na hakuwa akilia.

“Jeneza sijali,” akaniambia. “Hata wakimzika na blanketi, yeye hajui. Lakini ndugu zangu wakirudi Kiambere na njaa, watanisema mpaka na mimi nife.”

“Watashiba.”

“Kwa sufuria gani, wewe? Ya ndama?”

Nikaenda dukani kwa mwenyekiti. Alikuwa akipima misumari kwenye mizani.

“Nimekuja kuchukua sufuria. Mazishi ni Jumatano.”

“Pole sana, mama. Lakini zile hazijakabidhiwa.”

“Si unikabidhi sasa? Nimesimama hapa.”

“Si mimi wa kukabidhi. Ni mgeni wa heshima. Na zikishaingia masizi, yeye atakabidhi nini? Apigwe picha ameshika sufuria nyeusi?”

“Kijana wangu, uliona wapi sufuria ya mazishi nyeupe?”

Akaongeza misumari miwili, akatoa mmoja. “Nitapeleka jambo hili mbele ya kamati.”

“Lini?”

“Alhamisi.”

Nikamwangalia. Yeye hakuona kitu. “Lakini msijali,” akasema, “klabu itakuja kuwafariji. Tutakuja sote na vizibao.”

“Mje na chakula ndani ya hivyo vizibao,” nikamwambia, nikatoka.

Sikuvunja kufuli, ingawa kuna mmoja wetu aliyeuliza. Tulikubaliana kila mwanamke apike kwake, kwa kile alicho nacho, sufuria ya watoto wake, halafu abebe mpaka kwa mfiwa. Chakula kingekuja kwa vipande, lakini kingekuja.

Jumatano lori la Kiambere lilifika asubuhi, watu wake wamepakwa vumbi jekundu mpaka kope. Walikuwa wameondoka kwao alfajiri bila hata chai. Kaka mkubwa alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo, mwenye macho ya mtu aliyekuja kukagua ng'ombe wa mahari. Akaitazama nyumba, akalitazama shamba, akasalimu kwa adabu. Tukazika. Watu wakaketi kwenye nyasi. Wanawake tukashuka kwenda majumbani kuchukua chakula, na mfiwa akabaki na ndugu zake.

Hapo pikapu ya klabu ikaingia.

Walishuka na vizibao vyao, wakapanga meza mbele ya watu, na juu ya meza wakaweka zile sufuria sita, vifuniko juu, ziking'aa. Nyuma yake wakatundika kitambaa chenye jina la klabu. Mimi nilikuwa napanda kilima na sufuria ndogo ya watoto kichwani nilipoziona, na kwa dakika nzima nilifikiri moyo wa mwenyekiti umelainika. Niliona haya kwamba nilimjibu vibaya. Haya yenyewe haikukaa sana.

Mwenyekiti akasema maneno. Kwamba klabu inasimama na familia. Kwamba hizi ndizo sufuria za kina mama wa kijiji hiki. Mhubiri naye, mtu wa watu na mwenye njaa kama wengine, akaona sufuria, akainua mkono na kukiombea chakula. Aliomba vizuri, sitamlaumu. Watu wakasema amina. Wageni wa Kiambere wakainuka, wakachukua sahani, wakapanga laini, kaka mkubwa mbele.

Akainua kifuniko yeye mwenyewe. Ndani mlikuwa na karatasi ya kiwandani. Akaangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama kisima. Akainua cha pili. Karatasi. Cha tatu hakukigusa.

“Rudisheni sahani,” akawaambia wenzake kwa sauti ya chini. “Dada yetu ametupikia kioo.”

Jirani yangu akajifunika uso kwa leso. Mchana kutwa hakuwa amelia, hata kaburini. Hapo alilia.

Mwenyekiti alikuwa akieleza kwamba ni maonyesho tu, kwamba mgeni wa heshima bado. Nani alikuwa akimsikiliza? Nikafika mezani, nikachukua kifuniko mkononi mwa yule mzee, nikatoa karatasi, nikamimina. Mahindi na maharagwe ya kwangu yakaanguka ndani ya ile sufuria kubwa kwa sauti ya mvua kwenye bati. Wenzangu wakaja nyuma yangu, mmoja baada ya mwingine. Huyu viazi na kunde, yule ndizi, yule mahindi na mbaazi, mwingine mboga tupu kwa sababu ndicho alichokuwa nacho. Vyote mle mle.

“Mama, tafadhali,” mwenyekiti akaninong'oneza. “Hiyo haijakabidhiwa.”

“Imekabidhiwa.”

Kaka mkubwa akatia kidole, akaonja. “Kimepoa,” akasema. “Mafiga yako wapi?”

Hakungoja jibu. Akamwita mdogo wake, wakaibeba sufuria ile wawili mpaka jikoni kwa dada yao, wakaitua juu ya moto na kusukuma kuni. Moshi ukapanda pande zote. Mwenyekiti alisimama mlangoni akiangalia masizi yakikwea, uso wake kama wa mtu anayetazama duka lake likiungua. Mpiga picha akauliza apige? Akaambiwa afunge kamera.

Walikula. Kaka mkubwa alikula sahani moja. Akala ya pili, akalegeza mkanda. Aliporudi mara ya tatu, jirani yangu alimpakulia bila kumwangalia usoni, naye akamwambia, “Ongeza kile cha chini, kilichoshika sufuria.” Kwa watu wetu mgeni hasemi hivyo mahali asipopapenda. Ndipo yule mama akaketi kwenye kigoda, na yeye akala.

Watu wa klabu nao walikula. Ni yeye mfiwa aliyewapelekea sahani, maana mimi nisingewapelekea. Walikula wamesimama kando ya pikapu, wakichunga vizibao visidondokewe na mchuzi.

Jioni walipakia sufuria tano. Ya sita waliitaka pia, mwalimu mkuu akasema ikisuguliwa na majivu itarudi kuwa mpya. Jirani yangu akawaambia bado ina chakula cha watu, warudi kesho. Hawakurudi. Kuhusu zile tano, nasikia zilikaa stooni mpaka klabu yenyewe ikafa, na mgeni wa heshima sijamwona mpaka leo. Labda barabara bado haijamfaa.

Mvua fupi zilipokwisha, nikiwa napalilia karibu na mpaka wangu na jirani, niliona mzee mrefu mwenye fimbo akipanda kilima peke yake, na gunia dogo la ndengu begani. Nikashtuka. Nikamuuliza ni nani amekufa.

“Hakuna,” akasema. “Nimekuja kwa dada yangu.”

Akaingia, akaegemeza fimbo ukutani, akaketi karibu na moto akingoja kupakuliwa.