Kisima Asichokitaja Matano

Kwa miaka thelathini na mitatu Matano Mwidani alikuwa na kazi moja: kushika ncha ya mbele ya mnyororo. Mnyororo wenyewe ulikuwa wa chuma, mita ishirini, wenye vishikio viwili vya shaba. Saveya, mpima ardhi mwenyewe, alibaki nyuma na darubini yake ya miguu mitatu. Matano alitangulia, akavuta, akachomeka kijiti, akapiga ukelele wa "Tayari!", kisha akavuta tena. Alianza mwaka 1961 na kustaafu mwaka 1994, na katika miaka hiyo aliipima kwa miguu yake karibu Likoni yote, sehemu kubwa ya Changamwe, na upande wa Kisauni hadi Magogoni.

Alikuwa na kazi ya pili ambayo haikutajwa katika barua yake ya ajira. Masaveya wengi walitoka bara, na walihitaji mtu wa kuwaambia kila mahali panaitwaje. Madaftari waliyoandika porini yana safu ya mwisho yenye kichwa "Mtoa jina". Katika madaftari ya miaka ya themanini, jina la Matano limo katika safu hiyo mara mia mbili na kumi na mbili.

Majina hayo si ya mitaa wala vijiji. Penye Nyuki ni hatua arobaini za mteremko. Jiwe la Kuswalia ni jiwe moja bapa ambalo watu wawili wanaweza kusimama juu yake, si watatu. Chungu Kimoja ni pahali ambapo, kwa maelezo ya Matano, "palivunjika vyungu vyote vya harusi kikabaki kimoja." Harusi ya nani, hajui. Aliyemwambia naye hakujua. Jina limedumu kuliko bibi harusi.

Gershom, saveya aliyefanya kazi naye muda mrefu kuliko wote, alimjaribu mara moja. Walikuwa wakitafuta nondo ya mpaka iliyofukiwa miaka kumi na tisa nyuma, katika shamba ambalo tangu hapo lilikuwa limelimwa, likaachwa, likamea kichaka, likalimwa tena. Gershom alikuwa na vipimo kwenye karatasi na hakuiona. Matano alizunguka shamba mara moja, akasimama.

"Chimba hapa," alisema.

"Hapa wapi?"

"Hapa nilipokanyaga, bwana. Ama nikutolee na mguu?"

Nondo ilipatikana shubiri moja kutoka kisigino chake. Gershom aliliandika tukio hilo pembeni mwa daftari, na chini yake akapiga mstari mara mbili. Daftari lote halina mstari mwingine wa namna hiyo.

Daftari hilohilo, kurasa kumi na moja mbele, ndilo lenye kosa.

Ilikuwa Septemba 1984. Walikuwa wamefika kwenye kisima cha zamani nyuma ya Likoni, chenye mdomo wa mawe ya matumbawe, na kando yake makaburi kumi na manne ya ukoo mmoja wa Kidigo. Kila mtu wa pale alikijua kuwa Kisima cha Dhahabu. Dhahabu alikuwa mwanamke aliyekichimbisha zamani, na jina lake limekuwa likirithiwa na wajukuu. Mwaka huo aliyelibeba alikuwa Bi Dhahabu wa nyumba ya karibu, mama yake Mwanarehema. Na Mwanarehema alikuwa mke wa Matano.

"Hapa panaitwaje?" Gershom aliuliza, kalamu tayari.

Kwa Wadigo, mwanamume hamtaji mama mkwe wake kwa jina. Hamtazami usoni, hali naye, na akimwona njiani huiacha njia. Matano alikuwa ameishika heshima hiyo tangu alipooa, mwaka 1964. Hata vito vya dhahabu aliviita "vile vya kung'aa".

"Hapa ni kwa mkwe," alisema.

"Kwamkwe. Neno moja?"

"Ni kwa mkwe wangu, bwana."

"Nimekusikia. Kwamkwe." Gershom akaandika, kisha akanyanyua miguu ya darubini.

Matano hakujua kilichoandikwa. Wakati huo ndiyo kwanza alikuwa ameanza masomo ya ngumbaru, darasa la watu wazima lililokutana alasiri katika shule ya msingi, na herufi zake zilikuwa hazijafika mbali. Alijua miaka mitatu baadaye, ramani ilipochapishwa na nakala moja kubandikwa ofisini. Aliifuata njia kwa kidole kutoka kivukoni, kama alivyoifuata kwa miguu, na kidole kilipofika kisimani akasoma kwa taratibu: KWA-MKWE. Alicheka peke yake. Kisha, anasema, akakiondoa kidole. Hakumwambia mtu.

Jina lililochapishwa lina nguvu ya ajabu. Watu wa bara waliokuja kufanya kazi bandarini na viwandani walijenga vyumba kuzunguka pale, na wakilisoma kwenye karatasi za plani zao walilichukua kama walivyolikuta. Kufikia mwaka 1990 palikuwa na Bucha ya Kwamkwe, mali ya Kioko, mwenyeji wa Machakos. Kufikia mwaka 1993 palikuwa na hadithi: eti zamani palikuwa na mwanamume aliyempenda mama mkwe wake hata akamjengea nyumba. Matano aliisikia hadithi hiyo akiwa kwenye foleni ya nyama. Alitoka bila kununua.

Mwaka 1996 ramani za karatasi zilianza kuingizwa kwenye kompyuta. Mradi ulipewa vyumba viwili vya ofisi kisiwani, ng'ambo ya feri, na matokeo yake yakatundikwa ukutani kwa siku thelathini ili wananchi wayatazame. Pamoja na ramani palikuwa na orodha ya ardhi isiyo na mwenyewe, itakayokatwa viwanja. Kisima na makaburi vilikuwa ndani ya orodha hiyo.

Ukoo ulikuwa na kinga. Barua ya serikali ya mwaka 1958 ilisema wazi kwamba ekari mbili "kuzunguka Kisima cha Dhahabu" haziguswi. Mwanarehema aliipeleka ofisini ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Karani aliiheshimu barua, akaandika jina kwenye kompyuta, akangoja. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna mahali pa jina hilo.

Alielezwa kwamba kuna njia mbili. Mtu yeyote anaweza kulipinga jina, lakini hayo ni mashindano, na mashindano huenda kwenye kamati ambayo ingekaa baada ya viwanja kugawanywa. Tena upande wa pili ulikuwa umejitokeza: Kioko na wenzake sitini na wawili walikuwa wametia sahihi kuitetea Kwamkwe. Njia ya pili ni kosa. Mtoa jina wa kwanza akija mwenyewe na kukiri kwamba alieleweka vibaya, jina hurekebishwa papo hapo. Karani akafungua daftari la 1984, akatazama safu ya mwisho, akasoma jina la mumewe Mwanarehema.

Mazungumzo ya nyumbani jioni hiyo yalipita kwenye ukuta. Bi Dhahabu, mwenye umri wa miaka kama themanini, aliketi chumba cha ndani. Matano aliketi barazani. Mwanarehema alisimama mlangoni, kati yao.

"Mwambie mumeo," mama akasema, "kaburi langu ni yeye atakayelichimba. Muulize atalichimba wapi. Chini ya bucha?"

"Mama auliza utalichimba wapi."

"Nimesikia," Matano akajibu.

"Kama wasikia, nenda kaseme. Wewe ndiwe uliyepaita kwa mkwe. Wallahi miaka yote hii wala nyama ya Kwamkwe na hunambii!"

"Niseme vipi, Mwanarehema? Muulize mama. Anipa ruhusa nilitaje jina lake?"

Sauti ikatoka chumbani, taratibu, kila neno mahali pake.

"Mwambie sijasema anitaje. Miaka thelathini na miwili hajanitaja. Asije akaniharibia leo, niko karibu na kufa. Nimesema akirudishe kisima."

"Mama asema..."

"Nimesikia," Matano akasema tena.

Asubuhi ya siku ya ishirini na nane kati ya zile thelathini walivuka feri watatu. Bi Dhahabu alikataa kubaki. Alikaa upande wa mbele na binti yake, na Matano akasimama nyuma kabisa, karibu na malori. Ofisini mama aliketi kwenye benchi la ukumbini, mgongo akiuelekeza mlangoni. Mlango wa chumba cha kompyuta ulikuwa na kibandiko: VUA VIATU.

Sababu ya amri hiyo ilikuwa vumbi, lakini Matano hakuambiwa. Alivua makubadhi, akaingia kwa mguu wa kulia, akasema Bismillahi. Ndani palikuwa na baridi ya mashine, na sauti ya chini isiyokatika. Aliyekuwa zamu ni Nafula, mwanamke wa miaka thelathini hivi kutoka Bungoma, aliyevaa soksi za sufu kwa ajili ya baridi hiyo.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye Matano? Matano wa daftari?"

"Marahaba. Ndimi."

"Mimi nimekuandika mara mia mbili na kumi na mbili," Nafula akasema. "Nilidhani uliaga dunia zamani."

Akamwonyesha. Kwenye kioo palikuwa na mstari mweupe, ambao ni pwani, na ndani yake nukta ndogo za kijani. Akasogeza, nukta zikakua, zikapata maneno. Penye Nyuki. Jiwe la Kuswalia. Chungu Kimoja. Matano aliinama mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. Aliuliza kama anaweza kuona nyuma ya kile kichaka cha mikwaju. Nafula akasogeza, na nyuma ya kichaka cha mikwaju palikuwapo, na jina lake lilikuwapo, lilelile alilolitoa jua likiwa utosini mwaka 1982. Miguu yake yote ya miaka thelathini na mitatu ilikuwamo ndani ya sanduku ambalo angeweza kulikumbatia.

"Subhanallah," alisema.

Kisha Nafula akaenda kisimani. KWAMKWE ikajaa kioo.

"Hili ndilo la kurekebisha. Nitajie jina sahihi, mzee, niandike."

"Siwezi."

"Umelisahau?"

"Kusahau ndiko nisikokuweza."

Alitazama mlangoni, upande wa benchi. Nafula naye akatazama. Akamwona bibi aliyewapa mgongo, kanga ameivuta mpaka kwenye nyusi, na akamtazama tena yule mzee aliyekuwa amejikunja kando ya meza ili asionekane kutoka ukumbini. Akasoma neno lililokuwa kwenye kioo kama mtu anayelisoma mara ya kwanza.

"Kwa mkwe," alisema polepole. "Ni yeye?"

Matano aliinamisha kichwa.

"Kwetu pia, mzee. Kaka yangu akimwona mama mkwe wake sokoni anaruka mtaro." Akavuta fomu, akaipitia kwa kidole, na kidole kikasimama kwenye mstari wa tatu. "Hapa wanasema kwa kinywa chake au kwa mkono wake." Akainuka, akamwachia kiti. "Unajua kuandika?"

"Ngumbaru. Mpaka kitabu cha pili."

"Basi kaa."

Matano aliketi. Alitazama vitufe kwa muda.

"Nani aliyezimwaga herufi hivi?"

"Ndivyo zilivyoletwa, mzee."

Alizitafuta moja moja, kwa kidole cha shahada, kilekile kilichoifuata njia kwenye ramani ya ofisini. Kila alipoipata aliibonyeza, kisha akainua macho kuhakikisha imefika. K. I. S. Neno la kwanza lilimchukua dakika mbili. Alipolifikia la tatu aliuweka mkono gotini, kisha akaurudisha. D. H. A. Midomo yake ilikuwa imefumbwa kabisa. Ilipofika U alinyanyua kidole juu kana kwamba kitufe kina moto.

Utaratibu wa chumba kile ulikuwa kwamba jina jipya husomwa kwa sauti kabla ya kuhifadhiwa, ili aliyelitoa alithibitishe. Nafula aliinama juu ya bega la mzee, akasoma kwa sauti ya juu, kama ya darasani.

"Kisima cha... Dhahabu."

"Abee!" ikajibu sauti ukumbini.

Matano alishuka kwenye kiti mpaka kichwa chake kikawa chini ya meza. Bi Dhahabu hakugeuka.

"Mwanarehema, ni nani aniitaye huko ndani? Ni yeye?"

Mwanarehema alichungulia mlangoni. Nafula ndiye aliyejibu.

"Si yeye, bibi. Ni ramani."

Bibi alilitafakari hilo, kisha akaitengeneza kanga yake.

"Haya. Iambie nimeitika."

Ekari mbili ziliondolewa kwenye orodha siku ileile saa sita kasorobo, na karatasi iliyotiwa muhuri ikawekwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na barua ya 1958. Kioko hakubadilisha jina la bucha. Anasema rangi ya kibao ni ya majuzi. Bi Dhahabu alifariki miezi kumi na minne baadaye, na kaburi la kumi na tano lilichimbwa na Matano, hatua sita kutoka mdomo wa kisima. Alizihesabu mwenyewe.

Ukifika leo Likoni ukamuuliza Matano njia ya kwenda kisimani, atakufikisha mpaka kwenye mdomo wake bila kukosea hatua moja. Ukimuuliza panaitwaje, atakuambia kakitazame kwenye kompyuta.