Taa ya Miaka Minne

Sehemu ya tamthilia ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kutazama ina dakika ishirini na mbili, halafu inaanza harusi.

Baba yangu alikuwa fundi wa televisheni Nyakato, Mwanza. Kila TV ya chogo iliyotoka mezani kwake ilijaribiwa kwa kanda moja ileile, ambayo mteja aliiacha ndani ya deki mbovu asirudi tena. Mwanzo wa kanda ulikuwa sehemu moja ya tamthilia ya Kizungu ya anga za juu. Katikati yake mtu alikuwa amerekodi harusi. Baba akaifanya kipimo. Picha ikifika harusini bila kuleta chenga, TV imepona. Mtaa mzima ulijua hivyo. Mteja aliuliza akiwa bado barabarani:

"Fundi, yangu imefika harusini?"

"Yako inakata roho kabla ya posa. Rudi Ijumaa."

Hadithi yenyewe ni hii. Katika kituo kilichojengwa peke yake angani, mbali na dunia yoyote, kuna fundi mwanamke anayetunza taa kubwa ya kuongoza meli za angani. Umeme wa kituo unakwisha. Akizima taa, watu sita walio naye watapata hewa ya kupumua mpaka waokolewe. Asipoizima, hewa haitatosha. Lakini huko gizani kuna meli moja iliyopotea, na bila taa haitaiona njia. Anashika swichi. Picha inasogea hadi kwenye kidole chake, na ghafla tarumbeta zinalia, bibi harusi anashuka garini na shangazi zake wanapiga vigelegele.

Yule mwanamke nimemwona akiwa wa kijani, wa zambarau, mwembamba kama ufito, na wiki moja nzima bila kichwa, kutegemea ugonjwa wa TV iliyokuwa mezani. Hakuna mwigizaji mwingine ninayemfahamu kwa sura nyingi hivyo.

Nilikuwa kidato cha pili, na mkalimani wa baba nilikuwa mimi. Kuna mahali fundi yule anamwambia mkuu wa kituo maneno machache, akitazama dirishani. Nikatafsiri, "Miaka minne ya taa."

Baba akaweka chini kifaa chake cha kulehemu. "Kwamba ameiwasha miaka minne?"

"Ndiyo," nikasema, kwa uhakika wa mtu asiyejua.

Ubishi ukaanzia hapo.

"Basi haizimi," alisema. "Mtu autunze moto miaka minne, aje auzime leo? Huyo atakuwa mpita njia, si fundi."

"Anazima, baba. Watu sita wanahema mbele yake. Utawaua kwa ajili ya watu ambao huenda walishakufa?"

"Mama, wewe huna subira." Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Na wewe huna hesabu."

Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka Mwanza, na sikuweza kutulia popote. Nimepika kwenye kambi za wajenga barabara, nimeuza vitenge Kigoma, nimekaa Mtwara, nimekaa Tunduma muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nilipopiga simu nyumbani, mazungumzo yalikuwa yaleyale.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Anazima?"

"Anazima."

"Muongo wewe."

Tuliendelea hivyo mpaka salio liishe. Hakuniuliza niko na nani. Nami sikumuuliza macho yanaendeleaje, ingawa nilikwisha kusikia kwamba ana presha ya macho. Ubishi ule ndio uliokuwa njia yetu pekee ya kusemezana, na wote wawili tuliutunza.

Mwaka jana nilirudi Mwanza, nikashuka stendi ya Buzuruga na begi moja. Nilimkuta baba anaona mwanga wa dirisha tu. Duka alishalifunga. Wiki ya tatu, nikitafuta kwenye simu, niliipata sehemu ile, nzima, bila harusi. Sikumwambia. Nilikwenda ziwani, nikakaa kwenye jiwe karibu na kinamama waliokuwa wakianika dagaa, nikaitazama peke yangu.

Nusu ya kwanza ni nzuri kuliko nilivyoikumbuka. Hakuna muziki, ni mngurumo wa mitambo tu. Na kwa picha safi niliona kitu ambacho TV zetu wagonjwa hazikuwahi kuonyesha: mikono ya yule mwanamke ina mafuta mpaka kwenye kucha, na anafuta kioo cha taa kwa mkono wa shati lake mwenyewe. Aliyeandika hapo alimjua fundi.

Nusu ya pili ni ya aibu. Kidole kiko kwenye swichi, mkuu wa kituo anaingia mbio na betri ya akiba ambayo hakuna aliyewahi kuitaja. Hewa inarudi, taa inawaka, meli inatokea, wote wanacheka. Walimnyang'anya mwanamke yule uamuzi wake. Nilijisikia kama mtu aliyetengenezewa TV yake kwa kuipiga kofi ubavuni: inaonyesha, lakini hakuna kilichopona. Harusi yetu ilikata mahali pazuri zaidi.

Kilichoniuma kingine ni yale maneno ya dirishani. Kwa Kiingereza neno la mwanga na la taa ni moja. Fundi alikuwa akitaja umbali wa dunia iliyo karibu nao zaidi, umbali ambao mwanga husafiri kwa miaka minne. Hakuna popote anaposema taa imewaka miaka minne. Imani yote ya baba ilisimama juu ya kosa langu la kidato cha pili.

Niliogopa kumwambia. Tukikosa la kubishania, tungebaki na nini mezani zaidi ya chai? Lakini kuendelea kumwambia "anazima" huku nikijua ukweli kungekuwa kumdanganya kwa sababu haoni. Asubuhi nikamweleza yote, na betri nikamweleza.

"Kwa hiyo ni umbali," alisema.

"Ni umbali, baba. Nilikosea."

"Nami nimebishana na kosa lako miaka yote hii." Akacheka mpaka akakohoa. "Na betri wakaitoa wapi?"

"Hawasemi."

"Wavivu."

Akakipapasa kikombe mpaka akapata mshikio wake. Nilisubiri aniambie nimwekee mwanzo wa sehemu ile, ausikilize. Badala yake alisema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayegonga mlango asiouzoea:

"Mama. Kule Tunduma, ulikuwa unaishi na nani?"

Nilivuta kigoda karibu naye, nikaanza kumweleza.