Wanawake Waliosimama Mbele ya Boti Yangu

Nianze na televisheni, maana hapo ndipo nilipojifunza siasa. Shule niliachia darasa la tano na sioni haya kusema. Wenzangu waliomaliza, wengine leo wanakuja kuniomba kazi. Televisheni yangu nimeitundika barazani, mbele ya duka, na ukubwa wake hakuna mwingine aliyenao kutoka kijijini kwetu mpaka Kilindoni, mji wa kisiwa chetu. Kila siku baada ya alasiri wanaume wanajaa pale. Mpira ukiisha tunatazama habari.

Msimu ule habari zilikuwa za vijana. Leo wako barabarani nchi hii, kesho nchi ile. Wengine wanadai maji na umeme, wengine wanadai kura zao, wengine wamechoka tu kutawaliwa na mtu yuleyule tangu hawajazaliwa. Tuliona moshi wa mabomu ya machozi. Tuliona viatu vimebaki barabarani, wenyewe hawapo. Ya nchi yetu wenyewe, kule bara, yalitufikia baadaye, mtandao uliporudi, vipande vipande kwenye simu, na hayo tuliyatazama tukipeana simu mkono kwa mkono. Mzee mmoja alisema innalillahi, akavaa ndala zake akaondoka. Lakini ya nchi za mbali tulikuwa tunayashangilia kama magoli.

Na mshangiliaji mkuu nilikuwa mimi. Jioni moja kwenye televisheni alitokea mkubwa wa nchi fulani, kavaa suti nzuri, anafuta jasho, anasema wale vijana si bure, wametumwa. Nahodha wa boti yangu, mtu niliyekaa naye miaka kumi na tano, akapiga paja kwa kicheko.

"Wote wanasema wametumwa! Kuna chuo wanasomea neno hili?"

"Hawasomei," nikamjibu. "Kiti kikimzoea mtu, chenyewe kinamfundisha maneno."

Baraza zima likacheka. Niliona nimesema jambo kubwa, na kweli lilikuwa kubwa. Sikujua tu kwamba lilikuwa langu.

Wakati huo mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya mwamba. Kijijini kwetu mwamba wa pweza tunaufunga miezi mitatu, mtu haruhusiwi kugusa kitu, pweza wakue. Siku ya kuufungua huamuliwa na mkutano wa kijiji, na tangu utaratibu huu uanze ilikuwa siku ya bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Bamvua maji yanakauka mpaka mwamba unatoka nje, na wanawake wanaingia kwa miguu na mikuki yao mifupi, wanachungulia shimo kwa shimo. Wiki moja baadaye yanakuja maji mafu. Hayo hayakauki kitu. Mwamba unabaki chini, na wa kuufikia ni mwenye boti na miwani ya kuzamia.

Boti zilikuwa zangu. Miwani zilikuwa zangu pia, nawagawia vijana wazamie, mzigo waniuzie mimi. Friza nne, mashine ya barafu, matangi mawili ya maji. Hakuna aliyenipa.

Mnunuzi wa Dar es Salaam akanipigia simu. Alhamisi gari lake la baridi litakuwa Nyamisati, bandarini upande wa bara, likiondoka halirudi mwezi ule. Nikaangalia mwezi: Alhamisi ni maji mafu. Nikamwambia, sawa. Mkutano sikuitisha. Nilimpa mtu kipaza sauti apite njiani atangaze kwamba mwamba unafunguliwa Alhamisi saa tatu asubuhi, kwa amri ya mwenyekiti.

Dada yangu alikuja dukani siku hiyohiyo. Huyu ni dada yangu mkubwa, na lazima niseme habari zake kidogo. Sisi tulizaliwa Jibondo, kisiwa kikavu, maji ya kunywa yanaletwa kwa mashua kama bidhaa. Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Dada ndiye aliyenilea, kwa kutembea mwambani. Miwani yangu ya kwanza ya kuzamia aliinunua yeye, kwa pweza wake. Huwa nasema nimejitengeneza mwenyewe, na nasema mara nyingi, lakini nikifika hapo napita haraka.

"Alhamisi ni maji mafu," akaniambia.

"Najua, dada."

"Mkutano umekaa lini?"

"Mkutano wa nini, dada? Mngekaa mngesema mwenyekiti aamue. Mimi nimewapunguzia safari."

Akaitazama televisheni. Siku hiyo ilikuwa inaonyesha kina mama wa mahali fulani, wamekaa chini katikati ya barabara mbele ya magari ya askari. Akatazama kwa muda, mkono kiunoni.

"Haya," akasema, akaondoka. Nilidhani amekubali.

Alhamisi niliamka na furaha. Nilivaa shati jeupe. Nilipofika pwani boti tatu zilikuwa tayari, vijana wamo ndani na miwani zao, lakini mbele ya boti, ndani ya maji, wanawake wamejipanga mstari. Nilihesabu nikafika arobaini nikaacha. Maji yaliwafika mapajani, khanga zinaelea. Hawakuwa na mikuki wala vikapu. Katikati, mbele kabisa ya boti yangu kubwa, alisimama dada.

Nikadhani kuna maiti imeopolewa. Wallahi, hilo ndilo lililonijia kwanza.

"Kuna nini?" nikauliza.

Akajibu mama mmoja muuza maandazi, mwanamke mwenye maneno kuliko redio. "Hakuna kitu, mwenyekiti. Tumekuja kuoga."

"Hebu tokeni, boti zinaondoka."

"Kwani boti yako haina breki?"

Wakacheka. Mwingine akadakia, "Miwani zake zinaona chini ya maji tu. Huku juu haoni!"

Sijawahi kuchekwa pale. Pale pwani mimi nikipita watu husimama. Nikaingia mpaka magotini, suruali yangu nzuri ikaloa, nikamsogelea dada nimalize mambo kifamilia.

"Shikamoo, dada."

Akakaza khanga yake kiunoni.

Nikadhani upepo umechukua. "Dada, shikamoo."

Alikuwa ananitazama usoni. Mdomo hakuufungua.

Kwetu shikamoo haiachwi chini. Hata uliyegombana naye huitika marahaba kwanza, halafu mnaendelea kugombana. Nilikuwa na umri wa kuwa babu, na maisha yangu yote sikumbuki siku ambayo dada hakuniitikia. Nilihisi kama nimekanyaga mahali nilipojua pana mchanga, mguu ukaenda chini.

Mtu akishtuka hivyo, ama ananyamaza ama anakuwa mkali. Mimi nilikuwa mkali. Nilirudi ufukweni nikampigia simu askari wa kituoni, nikamwambia kuna vurugu, aje haraka. Kisha nikamgeukia nahodha, nikamwamuru awashe mashine.

"Niende wapi, mwenyekiti? Kuna watu."

"Wakiona unakuja watapisha. Washa!"

Akawasha. Boti ikaanza kusogea polepole, mwendo wa mtu anayetembea. Nilikuwa na hakika watapisha. Nimekaa na bahari tangu utoto, najua kila kiumbe hukimbia mashine. Wanawake wa pembeni walishikana mikono. Dada hakusogea. Pua ya boti ikamkaribia, hatua kumi, hatua tano, na mimi nimesimama mchangani na shati langu jeupe nasubiri dada yangu aogope.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo hata leo nikiwa nakula huja ikanisimamisha. Nilisubiri. Sikupiga kelele.

Aliyezima mashine ni nahodha. Boti ikaja yenyewe kwa msukumo uliobaki, dada akanyoosha kiganja akaisimamisha kama mtu anayezuia mbuzi asiingie jikoni. Kijana mmoja wa kuzamia akavua miwani, akaiweka vizuri kwenye ubao, akashuka majini. Mama yake alikuwa kwenye mstari. Wakashuka wengine.

Askari akafika kwa bodaboda. Kijana wa bara, mpole, buti zimeng'arishwa. Akanisalimia shikamoo mzee, akatazama baharini, akashangaa.

"Vurugu iko wapi?"

"Hao."

"Wamefanya kosa gani?"

"Wamezuia boti."

"Mzee, wamesimama baharini." Akajikuna shingo. "Kosa la kusimama baharini nitaliandikaje?"

Nikaona kila mtu ananitazama, walio majini na walio nchi kavu. Nikasema kwa sauti ya juu, wote wasikie, "Hawa si bure! Hawa wametumwa!"

Nililisikia neno lile likitoka. Nilisikia kwamba hata mlio wake haukuwa wangu, ulikuwa wa yule mtu wa suti. Mkono wangu ulikuwa usoni, nafuta jasho.

Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru wangecheka. Nahodha alikuwa amekaa kwenye ukingo wa boti, akasema taratibu, kama anayeniuliza habari za nyumbani, "Mwenyekiti. Tuliitazama pamoja."

Na dada, ambaye asubuhi yote hakuniambia kitu, akasema, "Kweli nimetumwa. Mama yetu alinituma nikulee. Alikuwa amelala kwenye jamvi na wewe umelala miguuni pake. Mwingine aliyenituma simjui."

Baada ya hapo mambo yalikwenda bila mimi. Wanawake walitoka majini, wakakaa mchangani, wakasema huu ndio mkutano ambao haukuitishwa. Mama wa maandazi akaweka utaratibu: anayetaka mwamba ufunguliwe leo asimame penye boti, anayetaka bamvua asimame penye mnazi uliolala. Watu wakainuka. Vijana wangu wakaenda kwenye mnazi, wengine wananiangalia kwa huruma. Nahodha akaenda mwisho, anatembea kama mgonjwa, lakini akaenda. Penye boti tukabaki mimi na askari. Yule kijana akaona watu wanamwangalia, akasema, "Samahani, mimi si wa kijiji hiki," akasogea pembeni hatua tatu.

Nimezama pima nyingi kwa pumzi yangu tu. Nimepigwa na taa shavuni, samaki mwenye mkia wa miba, nikarudi na mzigo. Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa pale, mchana kweupe, pwani ya kwetu.

"Basi," nikasema. "Bamvua."

"Na kiti?" akauliza mama wa maandazi.

"Na kiti."

Gari la Nyamisati likaondoka bila mzigo wangu. Siku saba zilizofuata sikuwasha televisheni. Niliwaambia watu dishi limeharibika. Kila asubuhi nilipita kwa dada, nasimama mlangoni, nasema shikamoo. Anaendelea kukuna nazi. Nasimama kidogo, naondoka. Mimi, mtu mwenye friza nne, naondoka.

Bamvua ilipofika sikukaa kwenye mizani kama nilivyozoea. Nilichukua mkuki mfupi nikaingia mwambani kwa miguu nyuma ya wanawake. Nilikuwa sijafanya hivyo tangu nikiwa na miaka kumi. Ndala zangu zilikatika mapema. Nilichungulia mashimo mpaka macho yakauma, sikuona kitu, na wao huku na huku wanainua pweza wenye mikono mirefu kama nguo za kuanika. Mama wa maandazi akapita na kikapu kimejaa, akaniuliza kama nimepoteza pete.

Dada alikuwa mbele yangu, ameinama. Bila kugeuka akanyoosha mkuki wake kwenye shimo moja dogo ambalo nilikuwa nimelipita.

"Hapo."

Nikachoma. Alikuwemo. Tulihangaika mimi na pweza yule mpaka maji yakanirukia mdomoni, lakini nilimtoa, na alikuwa mkubwa, mkubwa kuliko wote wa siku ile, waulizeni.

"Shikamoo, dada," nikasema, pweza kanishika mkono mpaka kwenye kiwiko.

Aliendelea kuchungulia shimo lake. "Marahaba," akasema. Halafu akasema, "Ijumaa kuna mkutano. Njoo ukae na watu."

Nilikwenda. Kwenye kiti cha mwenyekiti alikuwa amekaa mama wa maandazi. Nikavua viatu nikakaa mkekani katikati ya watu, na nawaambieni, hakuna aliyekaa chini vizuri kuliko mimi. Walipofika kwenye habari ya miezi ya kufunga mwamba nilikuwa na la kusema, maana naujua mwamba ule kuliko wengi. Nikanyoosha mkono. Wakamwita mwingine, kisha mwingine. Nahodha, aliyekuwa pembeni yangu, akanitazama kwa jicho la upande. Mkono sikuushusha.