Mlango wa Kushoto wa Pikapu

Nilipokwenda Mlali kununua pikapu kuukuu ya kubebea mahindi, nilimshuku muuzaji tangu salamu. Injini ilikuwa imeoshwa hadi inang'aa, na boneti ilikuwa ya moto kabla sijaomba iwashwe. Nikajua huyu anaficha kitu. Kwa ujanja wangu, nilikuwa nimetoka na fundi wangu Dodoma. Akaikagua, akalala hadi uvunguni, akasema, "Bosi, chukua, hii ni chuma."

Tangu hapo nimebadilisha klachi, rejeta na pampu ya dizeli, zote gereji kwake.

Jana mke wangu alihangaika na mlango wa kushoto. Lazima uuinue kwanza, ndipo uvute. Nikakumbuka Mlali: fundi wangu aliuinua, akavuta, bila kuelekezwa na mtu.