Chupa Ilipasuka Lini

Mavyaa wangu aliniita kikojozi mbele ya majirani watatu, na hao majirani wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Sijasahau. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini, tukikaa Shella, Malindi, nami nina mimba ya kwanza, miezi minane. Mume wangu, mwana wa mavyaa, alikuwa Gongoni kwenye kazi ya chumvi, akija nyumbani Ijumaa tu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafagia nikahisi maji yanachuruzika miguuni. Hayakuwa mengi. Yalitoka, yakakatika, yakatoka tena. Nikamwambia mavyaa kwamba nadhani chupa imepasuka. Yeye alikuwa amezaa mara tisa, na hakutaka kufundishwa uzazi na mimi.

"Chupa ikipasuka hujaza beseni," alisema. "Huo ni mkojo. Mtoto akukalia kibofu. Mtu mzima wajikojolea, huna haya?"

Nikakunja kanga nikajifunga, nikaendelea kufagia. Hapo najilaumu, lakini lawama yangu ni ndogo kuliko yake, na sikubali mtu atugawie sawa.

Jumatano maji yalibadilika rangi yakaanza kunuka. Nikashikwa na homa, meno yakagongana katika joto la mchana. Tumbo likawa haliguswi. Alhamisi asubuhi mavyaa akakubali kunipeleka hospitali, lakini kwanza alinifukiza. Alitia udi kwenye chetezo, akanisimamisha juu yake, moshi ukaingia kwenye kanga na nywele.

"Hutaniaibisha mbele za watu," alisema.

Nesi aliponiinamia alitabasamu. "Hee, wanukia kama bibi harusi." Kisha akauliza chupa ilipasuka lini.

"Leo alfajiri," mavyaa akajibu, kabla sijafungua mdomo.

Nilimtazama, naye akanikazia jicho. Nilikuwa nimelelewa nisimkanushe mkubwa mbele ya mgeni, basi nikanyamaza. Nesi akaandika. Kwa kuwa ilikuwa leo alfajiri, nikawekwa kwenye benchi nisubiri uchungu kama wenzangu. Hakuna aliyenidunga sindano mpaka alasiri, daktari alipopita akanigusa tumbo nikapiga ukelele. Akaagiza nivuliwe zile kanga za udi, na harufu ya kweli ikatoka. Safari hii aliniuliza mimi. Nikasema Jumatatu. Akasema vijidudu vimeingia kwenye maji yanayomzunguka mtoto, na kwamba kama angeambiwa mapema. Hakumaliza maneno yake.

Mtoto wa kiume alizaliwa Ijumaa asubuhi. Alipumua kwa shida mpaka adhuhuri. Baba yake alifika kutoka Gongoni akamkuta ameshavishwa sanda. Mavyaa alimwambia ni amri ya Mungu. Lakini aliyeulizwa na nesi hakuwa Mungu.

Miaka mitano nilimpikia na kumfulia. Kila asubuhi nilimwambia shikamoo kwa adabu zote, na kila asubuhi nilimwombea mabaya. Mwishowe yakaja. Alianza kuumwa kiuno, akapata homa, na godoro lake likawa linalowa. Alinikataza nisimwambie mtu, hata mwanawe. Siku ya nne alikuwa anaweweseka, nikamwambia leo twende hospitali.

"Nifukize kwanza, mwanangu," alisema. "Nanuka."

"Udi umekwisha, mama."

Kijaluba cha udi kilikuwa kabatini, kimejaa. Nilimpeleka vile vile, na watu kwenye foleni wakaziba pua kwa ncha za kanga. Niliwaacha wazibe. Sikuona huruma, na sitajisingizia leo kwamba niliiona.

Nesi alikuwa mwingine, kijana. Aliuliza homa ilianza lini.

Mavyaa hakuwa na nguvu ya kusema. Aligeuza uso akaniangalia, na nikajua amekumbuka, kwa sababu alinishika buibui asiniachie. Maneno yalikuwa ulimini mwangu tayari, mawili tu: leo alfajiri. Nesi akarudia swali. Nikayashikilia mpaka machozi yakamtoka mavyaa.

"Siku nne," nikasema. "Andika vizuri, dada. Nne."

Wakamdunga sindano hapo hapo, na baada ya wiki akarudi nyumbani kwa miguu yake. Nilitaka apone. Nilitaka aamke kila siku, aniitikie shikamoo yangu, huku akijua jinsi jibu lile lilivyokuwa rahisi kulisema.