Nilisema Nimesikia Mtu

Mkono wa Bi Zuhura ulikatwa kwa sababu yangu. Watu wa mtaa wa Ngamiani, Tanga, hawajui. Wao wananiita mkombozi!

Mimi ni mtu wa kuzurura. Shule niliiacha mapema, nikahangaika toka Mwera hadi Horohoro mpakani kwa vibarua. Ugonjwa wangu ni kutaka kuona kila kitu. Gari likiharibika njiani, mimi nimeshainama chini yake kabla ya dereva.

Mchana mmoja, ghorofa lililokuwa likijengwa liliporomoka, likaulalia mgahawa wa Bi Zuhura. Wateja walikimbia wakapona. Yeye alikuwa jikoni.

Zimamoto wakaja, wakazungusha utepe. Mkuu wao alikuwa mwanamke. Akinyanyua ngumi, mtaa mzima unanyamaza. Pikipiki zinazimwa, wanaolia wanajiziba midomo. Askari mmoja anaita kwenye ufa: "Kama unatusikia, gonga!" Kisha wanalaza masikio kwenye kifusi, wajue pa kuchimba.

Mimi nilikuwa nje ya utepe. Nilitaka kuona ile jeki yao inavyonyanyua zege. Nilitaka mno!

Ngumi ikapanda tena. Askari akaita. Kimya.

Nikapiga kelele: "Huku! Nimesikia mtu huku, upande wa barabarani!"

Sikusikia kitu. Hata panya!

"Wewe una masikio ya popo?" jamaa mmoja akanibeza.

Yule mkuu akanikazia macho. "Una hakika, kaka?"

"Wallahi nimesikia, afande."

Nikaapa! Mwanaidi, binti wa Bi Zuhura, akamshika yule mkuu mkono. "Dada yangu, mchimbeni hukohuko, mama yu hai!" Wakahamisha jeki, wakahama wote. Nikaingizwa ndani ya utepe nioneshe mahali, nikapewa na ndoo ya kuzolea kifusi. Jeki nikaiona kwa karibu. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi!

Walichimba mpaka sakafuni, hakuna mtu. Wakarudi walikoanzia, upande wa jikoni. Jioni Bi Zuhura akatolewa hai, lakini nguzo ilikuwa imembana mkono wa kulia muda mrefu. Hospitali wakashindwa kuuokoa.

Fujo ile ilichanganya watu, wakasahau tulivyochimba pasipo mtu, wakabaki na moja tu: kuna kijana alimsikia. Mama yake alipotoka hospitali, Mwanaidi akanialika pilau. Nikala huku namwona akimlisha mama yake kwa kijiko.

Siku nyingine Mwanaidi alipokwenda sokoni, nikamwendea mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukai?"

Nikamwambia yote. Nilitaraji matusi.

"Nilisikia mtu akisema nigonge," akasema. "Nikapapasa, nikapata kifuniko cha sufuria. Naanza tu kugonga, mtu akapiga kelele. Kumbe ni wewe! Nikaendelea kugonga, nikasikia miguu yenu inaondoka."

Nikamwomba msamaha.

"Mwanaidi sitamwambia," akasema. "Atakuua. Nenda zako."

Nikaondoka Tanga. Sasa nashusha mizigo mpakani Horohoro, na usingizi siupati.

Ndugu zangu, mkikuta waokoaji kazini, kaeni mbali. Wakiuliza nani amesikia, nawe hujasikia, funga mdomo wako! Wale watafuata unakowaelekeza, na aliye chini hana njia ya kuwaita warudi.