Siku Metwali Alipofuturu na Wenzake

Mji mzima wa Mahalla, huko Misri, unamjua Metwali kwa sauti. Mtu aliyezeekea kwenye chumba cha kompresa hazungumzi, hupiga makelele. Ukimsalimia barabarani, majibu yake yanasikika mpaka mtaa wa pili. Mkewe alikwisha koma kumpa siri.

Kiwanda chao hufuma vitambaa kwa hewa. Uzi unarushwa kwa upepo wa kompresa toka upande mmoja wa mtambo hadi mwingine, na presha ikishuka kidogo tu, uzi haufiki, mtambo unasimama na mfumaji anatukana. Kompresa ni nne, na zote zilikuwa mikononi mwa Metwali. Kazi ikipungua, anazima moja, ikizidi, anawasha. Aziwashe zote kwa mpigo, umeme unakatika. Aziache zikivuma bila kazi, vali ya usalama inafoka na pesa za umeme zinapotea bure.

Siku za kawaida hayo ni mambo madogo. Balaa ni Ramadhani, zamu ya jioni. Adhana ya magharibi ikilia, mitambo yote inazimwa na watu wanatimua mbio kwenda bwaloni. Lakini hawarudi pamoja! Wanalipwa kwa mita, kwa hiyo yupo anayemeza matonge matatu na kurudi kazini, na yupo asiyenyanyuka bila chai. Muda wote huo presha inayumba, na lazima mtu awe pale. Tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, Metwali hajapata kufuturu mezani na wenzake. Tende yake aliila wima, mkono mmoja kwenye swichi. Jambo hilo lilimuuma sana, ingawa alilisema kwa mzaha tu.

Mwaka huu Injinia Dalia, binti aliyeajiriwa majuzi, alifunga sanduku ukutani, nyaya zake zikienda kwa kila kompresa. Sanduku linasoma presha, linaziita kompresa moja baada ya nyingine, na kuzipumzisha kwa zamu.

"Ami Metwali, leo unafuturu bwaloni," alimwambia.

"Na humu abaki nani?"

"Habaki mtu."

"Mwanangu, humu hata paka simwachi peke yake!"

"Ukibaki, nitajuaje kama ni sanduku linalofanya kazi au ni wewe? Mkurugenzi kasema mitambo ikisimama leo, sanduku linarudi lilikotoka. Na wewe unarudi kwenye tende yako."

Metwali alinawa mpaka viwikoni, akavaa shati lililopigwa pasi kama bwana harusi. Hata hivyo alirandaranda mle chumbani, mara apanguse hiki, mara aguse kile, mpaka adhana ikamkuta humo humo. Ndipo akatoka mbio kuvuka uwanja. Nyuma yake alizisikia kompresa zikinyamaza moja moja, ikabaki ya kwanza peke yake, inaunguruma taratibu. Moyo ulimdunda kwa furaha.

Bwaloni alipokewa kwa vifijo.

"Jamani, mpisheni mgeni!" alipaza sauti Shehata, fundi wa mitambo. "Mgeni, jina lako nani?"

"Mimi ndiye ninayekupa pumzi, we kipara! Sogea!"

Akakaa. Akapewa tende, maji, kisha bakuli. Alimega mkate, lakini tonge likaishia hewani, maana wafumaji wa kwanza walikuwa wanarudi kazini. Kompresa ya pili ikaamka. Metwali akatabasamu mpaka masikioni. Kundi jingine likatoka. Sasa ilikuwa zamu ya kompresa ya tatu.

Kimya.

Metwali aliutazama mkono wake wa kulia, na damu ikamwisha usoni. Adhana ilipoanza, mkono ule ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye swichi ya kompresa ya tatu, kama ulivyozoea, ukaizima. Naye hata hakujua!

"Nimeizima mimi!" Benchi likapinduka. "Nimeua kazi ya mtoto wa watu!"

Dalia, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, alimzuia. "Ngoja, ami!"

"Ningoje nini? Litaiita mpaka Idi, haiwezi kuitika!"

Hapo hapo madirisha yakatetemeka. Kompresa ya nne iliamka kwa mngurumo, na huko ukumbini mitambo ikaendelea kutatarika bila hata mmoja kukwama. Dalia alikuwa anarukaruka. "Limeiita ya tatu, imenyamaza, limekwenda kwa nyingine! Lenyewe, ami! Lenyewe!"

Wanawake wa jikoni wakapiga vigelegele bila kujua kisa ni nini. Metwali akambusu Shehata kwenye kipara, akataka kukimbia kuirudisha swichi ile, lakini Dalia alishakwenda mwenyewe.

"Kaa ule, ami!" alisikika akisema toka uwanjani.

Basi akakaa, akala. Alichovya mkate kwenye mlukhia, ule mchuzi wa mlenda, akachovya tena, akafumba macho.

"Ummu Wafaa!" Metwali alimwita mpishi kwa ile sauti yake. "Leo umetia nini humu?"

"Kitunguu saumu na giligilani, kama mwaka jana na mwaka juzi," alijibu mama wa watu. "Wewe ulikuwa unaila baridi."

Metwali alimsogezea bakuli aongezewe.